Shuka Sita za Jumamosi

Vitengeni,
11 Februari 1985

Kwa wifi Idah,

Salamu nakupa kwa sababu mama yangu amesimama nyuma yangu na asema barua haianzi bila salamu. Hujambo? Kazini hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mvua hatujaiona, mahindi tunanunua. Mwanangu Easter hajambo? Hilo nauliza kwa moyo wangu, sikuambiwa na mtu.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, usitafute nani kaniandikia. Tangu mwaka jana nasoma ngumbaru na watu wazima wenzangu hapa kanisani, alasiri tatu kila juma. Mwalimu wetu anaitwa Kahindi. Tulimaliza Kiswahili, sasa tuko kwenye Kiingereza, na juma lililopita alitufundisha maneno ya jambo lililokwisha kutendeka. Alisema mengine hutiwa mkia tu, kama wash huwa washed. Mengine hubadilika sura nzima na hayana dawa ila kuyakariri. Go, went. See, saw. Kisha akaandika take, na kando yake took.

Neno hilo nililijua. Sikujua maana yake, nilijua sura yake. Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku, nikatoa karatasi ya hoteli ya Juni 1983, ile niliyoitia sahihi, nikampelekea mwalimu. Akanisomea: "On Saturday 11th June I took six bedsheets from the rooms and put them in my basket." Yaani, Jumamosi tarehe 11 Juni nilichukua shuka sita vyumbani nikazitia kikapuni mwangu.

Idah, siku ile ofisini nilikuambia nini? Meneja aliuliza kazi yangu ikoje. Nikasema kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza sikuwa nacho: "Kila Jumamosi huchukua shuka za vyumbani, nazihesabu, natia kikapuni, napeleka kwa dobi." Nilieleza kazi. Wewe ukapiga taipu, ukanigeuzia karatasi ukasema, "Tia sahihi hapa, ni maneno yako mwenyewe."

Kwa maneno hayo nikafukuzwa. Kwa maneno hayo kaka yako Gerishom akanirudisha kwa mama yangu na sanduku moja, akasema mtoto hawezi kulelewa na mwizi, nawe ukamchukua Easter akiwa na miaka mitano.

Nataka jibu moja tu. Ulikosea, au ulikusudia?

Ni mimi wifi yako,
Mumbua


Malindi,
26 Februari 1985

Wifi Mumbua,

Sijambo, na kazini hawajambo. Easter ni mzima, ananenepa. Yuko darasa la kwanza na amekuwa wa tatu katika watoto arobaini na wawili. Hakuulizii.

Barua yako nimeipata na kwanza nimeicheka. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nimepiga taipu miaka sita. Wewe umefundishwa took Jumatatu, Ijumaa unataka kunisahihisha! Haya, nikuulize na mimi, mwanafunzi. Hiyo put uliyoiona kwenye mstari uo huo, ni ya leo au ya jana? Huwezi kujua, maana haibadiliki. Put ni put, jana na leo. Mwulize huyo Kahindi wako kama amefika huko.

Siku ile ulikuwa unalia. Maneno yako yalikuwa yanakatikakatika na meneja alikuwa na haraka zake. Nani angesikia kama ulisema huchukua au nilichukua? Shuka zilipotea, na aliyekuwa akitandika vitanda ni wewe. Hilo mtu haliulizi kwenye kitabu cha sarufi. Shukuru hukupelekwa polisi. Ni mimi niliyekuombea kwa meneja, na hata asante sikuipata.

Usiniandikie tena kupitia hoteli. Wenzangu ofisini wana macho marefu. Ukiwa na la lazima, tumia sanduku la posta la kanisa letu.

Wifi yako,
Idah


Vitengeni,
19 Machi 1985

Kwa wifi Idah,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa.

Ile put nimeiuliza. Mwalimu asema ni kweli haibadiliki, lakini hutambulikana kwa jirani yake. Ikikaa karibu na took, basi nayo ni ya jana. Kwa hiyo nakushukuru, umenifundisha la ziada.

Sasa achana na put. Turudi mwanzo wa mstari: "On Saturday 11th June." Mimi sikutaja tarehe. Nilisema kila Jumamosi. Nimekaa na tarehe hiyo siku tatu nikiizungusha kichwani, na jana nikiwa nachota maji nikaikumbuka. Jumamosi hiyo sikuwa kazini, Idah. Mama mkwe alizidiwa alfajiri, nikaja kuomba ruhusa, na wewe mwenyewe, kwa kalamu yako, ukaandika kwenye kitabu cha zamu kwamba sipo. Tulimpeleka hospitali, mimi na Gerishom. Saa sita ulitufuata huko na chupa ya uji. Ulikaa kitandani kwa mama yako mzazi, upande wa miguu, mimi nikiwa upande wa kichwa.

Ulijua nilikuwa wapi siku uliyoandika kwamba nilikuwa naiba.

Basi usiniambie habari ya machozi yangu. Mtu hakosei neno na tarehe kwa pamoja. Mwandikie meneja umwambie ukweli, na likizo ya Aprili umlete Easter hapa. Nina haki naye.

Wifi yako,
Mumbua


Malindi,
9 Mei 1985

Mumbua,

Nilikuwa nimeazimia kutokujibu, na nisingekujibu lau usingekwenda shuleni.

Unajua ulilolifanya? Umesimama kwenye ua wa miti wakati wa mapumziko, umemwita mtoto kwa jina mbele ya wenzake, ukalia. Mwalimu wake aliniita. Watoto wakubwa walimwambia Easter, "Yule ndiye mama yako mwizi." Alirudi nyumbani, hakula. Akaniuliza, "Shangazi, mwizi ni nini?" Nikamwambia, ni mtu anayechukua kitu cha mwenzake bila kuomba.

Likizo hakuja kwa sababu baba yake hataki. Gerishom yuko Mtwapa kwenye ujenzi, lakini neno lake ni lile lile. Ukimtaka mtoto kaongee naye, si kujificha kwenye majani kama fisi.

Kuhusu tarehe, mimi siye niliyeitunga. Meneja aliniambia niandike siku ambayo hesabu ya stoo ilikosa kutimia. Mimi ni karani. Karani huandika anachoambiwa. Ulitaka nimwambie mzungu kwamba amekosea?

Umekwisha kufa hapa Malindi, Mumbua. Watu wamekusahau. Ukifufuka utanuka.

Idah


Vitengeni,
24 Juni 1985

Kwa wifi Idah,

Hujambo? Easter hajambo? Nasikia Malindi mvua imeharibu barabara. Huku imepita kando.

Uliyoniambia kuhusu mtoto nimeyasoma mara nyingi. Ni kweli, nilikosea kwenda pale. Hilo nalikubali.

Na sasa sikiliza. Nimemwandikia afisa wa kazi. Nimeandika kwa Kiingereza, kurasa mbili, nikachana mara nne. Nilimwomba Mwalimu Kahindi anisahihishie akakataa. Alisema, "Dada Mumbua, mara ya kwanza uliandikiwa na mjuzi. Mara hii bora uandike wewe, hata kama utakosea." Niliudhika, kisha nikaona kwamba asema kweli. Afisa amejibu. Amelalamika kwamba miaka miwili ni mingi, lakini atatuita, mimi na meneja na wewe, tarehe tano Septemba.

Kuna jambo sikuliandika kwenye kurasa zile. Nakuandikia wewe kwanza.

Mama mkwe alipoanza kuoza mgongo, nani alikuwa akimgeuza? Mimi. Nani alikuwa akifua? Mimi, kwenye karai, mara mbili kwa siku. Ulileta shuka nyeupe, nene, ukasema umenunua dukani kwa Shantilal kwa bei ya kupunguziwa. Nilifurahi. Nilisema wifi yangu anampenda mama yake. Lakini pindo la kila shuka lilikuwa limekatwa na mkasi upande mmoja, uzi umeachwa ukining'inia. Mimi nilitandika vitanda vya hoteli ile miaka minne, Idah. Najua jina la hoteli hushonwa wapi, tena kwa uzi mwekundu. Kwenye shuka moja mkasi haukufika mwisho. Niliona nukta tatu nyekundu.

Sikuuliza. Mgonjwa alikuwa amelala juu yake, na nilikuogopa. Zilikuwa sita. Nilizianika mwenyewe.

Sijui bado kama nitayasema hayo tarehe tano. Wewe kaa na wasiwasi wako, kama nilivyokaa na wangu.

Wifi yako,
Mumbua


Malindi,
8 Julai 1985

Mumbua,

Hata salamu sina leo.

Haya, unataka nini? Useme mbele ya afisa na mzungu kwamba marehemu mama yangu alifia kwenye shuka za wizi? Mwanamke aliyekuita mwanangu? Miaka miwili yuko kaburini, unataka kumfukua umtie aibu ili urudi kutandika vitanda?

Ulikuwepo. Uliona mgongo wake. Uliona vile vitambaa vilivyokuwa vinamshika kwenye vidonda, tukivibandua analia. Ile hoteli ina shuka mia nne. Nyingine zinalaliwa na mtu mmoja usiku mmoja kisha zinafuliwa. Kama ningeomba wangenipa? Ungekuwa na ufunguo wa stoo ungefanya nini wewe, mtakatifu?

Na fikiri hili kabla ya kufungua mdomo wako. Easter anakula kwangu na analala kitandani kwangu. Nikifukuzwa, mtoto ataelekea wapi? Mtwapa, kwenye kibanda cha wajenzi? Ukinivunja mimi, umemvunja yeye.

Kiingereza chako cha kanisani kitakuaibisha. Meneja anaongea haraka, na afisa naye ni msomi. Watakucheka na mimi nitakuwepo.

Idah


Vitengeni,
10 Septemba 1985

Kwa wifi Idah,

Hujambo? Nilikuona umekonda. Easter hajambo?

Nakuandikia yaliyotendeka ingawa tulikuwa chumba kimoja, kwa sababu uliyatazama ukiwa umegeuza uso na nataka uyajue sawasawa.

Afisa alishika ile karatasi akauliza, "Nani aliandika haya?"

Ukasema, "Mimi."

"Ndivyo alivyosema huyu mama?"

Ukasema, "Sikumbuki." Macho yako yalikuwa kwenye feni.

Kisha meneja akaanza kuongea, na kweli aliongea haraka, na nyinyi wote mkawa mnatikisa vichwa kana kwamba mimi ni kiti. Nikasimama. Nikasema, "Sir, I did not took."

Meneja akacheka. Na wewe ulicheka, Idah. Ulifunika mdomo kwa leso lakini nilikuona.

Afisa hakucheka. Alisema polepole, "Did not take." Nilidhani ananisuta, kumbe ananinyoosha. Nikarudia, "I did not take. On that Saturday I was in the hospital with the mother of my husband." Hapo sikukosea hata neno. Akaniuliza ushahidi, nikamwambia kitabu cha zamu. Meneja alisema kimepotea. Afisa akamwambia, "Kitafute, sisi tunakungoja," na tukangoja saa nzima kwenye benchi moja, mimi na wewe, bila kusemezana, magoti yetu yakiwa karibu kugusana.

Kitabu kililetwa. Mwandiko wako ulikuwemo. Afisa alitazama kitabu, akatazama karatasi, akakutazama wewe. Akasema hoteli inipe barua ya kunisafisha jina, na nirudishwe kazini nikitaka. Halafu akanigeukia kwa Kiswahili: "Basi mama, shuka hizo unamshuku nani?"

Kicheko kilikuwa kimekutoka usoni zamani. Ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

Nikasema, "Sijui, bwana."

Usidhani niliyafanya kwa ajili yako. Sikuonei huruma. Mama yako kila nilipomwinua alikuwa akiniambia, "Pole, mama, nakuchosha," yeye akiwa ndiye mwenye maumivu. Sikutaka jina lake lilale kwenye faili la serikali. Basi.

Barua ya hoteli ninayo. Kazi yao siitaki. Namtaka Easter kabla ya mwezi kwisha. Nisipomwona, nitarudi kwa yule afisa, na safari hiyo nitalijua jibu la swali lake.

Wifi yako,
Mumbua


Malindi,
3 Oktoba 1985

Wifi Mumbua,

Hujambo? Mama yako hajambo? Sisi tu wazima wa mwili.

Siombi msamaha, kwa hiyo usiutafute humu. Pale uliposema "sijui, bwana" nilikuchukia kuliko ambavyo ningekuchukia ungenitaja. Ungenitaja ningekutukana na mambo yangekwisha. Sasa kila asubuhi naingia ofisini, naona ile meza, na wewe unaniangalia. Jana nimempa meneja barua ya kuacha kazi. Sikuandika sababu.

Shuka nilizitoa mimi, mbili mbili, siku tatu. Hilo unalijua. Usilolijua ni hili. Nilizipitisha kwenye dirisha la nyuma la ofisi, na aliyekuwa akizipokea nje ni Gerishom. Alizifunga kwenye gunia nyuma ya baiskeli yake. Mkasi niliotumia kukatia majina ni wake pia.

Hesabu ilipokosa kutimia nilimwendea usiku nikilia, nikamwambia nitakiri. Akanizuia. Alisema, "Wewe ukifukuzwa mama atakosa dawa. Mumbua hajui Kiingereza, hata akiandikiwa lolote hatajua. Kutandika vitanda atapata popote." Asubuhi yake ndipo nilipokaa kwenye taipu. Vidole vilikuwa vyangu, sitamsingizia. Lakini jina lako lilitoka kinywani mwake.

Na baada ya hapo watu walianza kumsema kazini kwake, kwamba anaishi na mwizi. Akaona haya. Mumeo aliona haya kwa uongo wake mwenyewe, akakufukuza wewe. Mimi nilikuwepo siku ile alipokufungia sanduku. Nilishika kifuniko ili afunge.

Sasa amesikia kwamba umesafishwa jina. Amekuja kutoka Mtwapa na kanga mpya, anasema anakuja kukuchukua yeye na mtoto mrudi kuishi pamoja. Kila mtu anamsifu kwamba amekusamehe, naye anaitikia.

Easter nampa aje naye. Nguo zake zote zimo kwenye mfuko. Anapenda viazi, hapendi samaki wa mifupa, na anaogopa radi. Ukweli ni kwamba alikuulizia. Aliuliza kila Jumapili miaka miwili, nami nilikuandikia vingine.

Barua hii nimeifunga kwa gundi na nimempa Gerishom aibebe. Hajui yaliyomo.

Wifi yako,
Idah


Vitengeni,
7 Oktoba 1985

Idah,

Easter amefika salama. Siku ya kwanza hakunikaribia, alikaa na bibi yake. Jana alinipa mguu wake nimtoe mwiba. Usiku kulikuwa na radi, akaja kitandani kwangu mwenyewe, bila kuitwa. Nimeona nikuambie hilo, kwa kuwa umemlea.

Sijakusamehe. Nimekaa na barua yako siku mbili nikijipima, na naona kwamba sijakusamehe, na labda sitakusamehe. Usije Vitengeni. Ukimwandikia mtoto, nitamsomea yote, sitaruka neno.

Gerishom aliingia Jumamosi adhuhuri. Mama alimpa kiti. Alitoa kanga, akatoa sukari na majani ya chai, akaviweka mkekani mbele ya mama. Easter alikuwa ameshakwenda na watoto wa jirani kuona mbuzi. Basi akaanza kusema, na alisema vizuri, unamjua kaka yako. Alisema ndoa haikosi mawimbi. Alisema yeye hana kinyongo. Alisema, "Yaliyopita si ndwele, mama, tugange yajayo." Mama alikuwa anatikisa kichwa kwa kukubali, maana amechoka kuwa na binti aliyerudishwa.

Kisha akakumbuka barua akanipa. Niliifungua pale pale. Nilisoma ukurasa wa kwanza kimya kimya, yeye akiendelea kumweleza mama habari za nyumba aliyokodi Mtwapa. Nilipofika pale ulipotaja dirisha la nyuma na aliyekuwa nje, niliacha kusoma. Nikaikunja, nikamrudishia.

Nikamwambia, "Baba Easter, msomee mama. Ni salamu za dada yako."

Akasema, "Si unajua kusoma wewe siku hizi?" Akatabasamu.

Nikasema, "Najua. Lakini nataka mama aisikie kwa sauti yako."

Alianza kwa sauti ya juu, kama msomaji wa kanisani. Hujambo, mama hajambo. Alipofika pale uliposema umeacha kazi alipunguza mwendo. Alisoma dirisha, akasoma "aliyekuwa akizipokea nje ni", akanyamaza.

Mama hajui kusoma. Akamwuliza, "Mbona umekoma? Ni nani?"

Akasema, "Mwandiko wake haueleweki."

Nikamwambia, "Mimi nauelewa. Nisome mimi?"

Halafu akainamisha kichwa akasoma. Alisoma gunia na baiskeli. Alisoma maneno yake mwenyewe ya usiku ule, kwamba sijui Kiingereza na hata nikiandikiwa lolote sitajua. Alisoma sanduku na kifuniko. Sauti ilikuwa inashuka, na kila iliposhuka mama alisema, "Sisikii, baba," naye akarudia. Alisoma mpaka kwenye jina lako.

Alipomaliza aliweka barua juu ya kanga. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Akaomba maji ya kunywa.

Mtungi ulikuwa pale mlangoni na kata juu yake. Mama alinitazama, nami nikamtazama mama. Hakuna aliyeinuka.

Mumbua